Kupima TB mbuzi wa maziwa: sindano moja mkiani au mbili shingoni?

FugaGoba

Wakuu, salaam.

Nina mbuzi 23 wa maziwa hapa Goba, wengi chotara wa Saanen na Toggenburg, mabeberu wawili ndani yake. Kuna kituo cha watoto kinataka maziwa kila asubuhi, na sharti lao ni karatasi ya daktari kwamba kundi limepimwa kifua kikuu. Sina ugomvi na sharti hilo. Tatizo ni kwamba kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja anasema sindano moja kwenye mkunjo wa mkia, baada ya siku tatu anapapasa kwa kidole na majibu yametoka. Mwingine anasema sindano mbili shingoni na lazima ngozi ipimwe unene kabla na baada, na bei yake ni karibu mara mbili. Jirani naye anasema achana na sindano zote, chukua damu peleka maabara.

Nani yuko sahihi? Na je, wote 23 wapimwe au nichague wanaokohoa tu? Wawili wana mimba kubwa, mmoja kazaa juzi juzi.

---

Dokta_Kibamba

Mkuu, huyo wa sindano mbili ndiye wa kumwita. Bei yake ni kubwa kwa sababu anakuja mara mbili na anabeba chupa mbili.

Mkunjo wa mkia ni mahali pa kumchoma ng'ombe. Mkia wa mbuzi ni mfupi na ngozi ya pale ni nyembamba mno, hivyo dawa huvuja au huzama chini ya ngozi, na kidole hakiwezi kutofautisha uvimbe wa milimita 2 na wa 4. Kwenye kipimo hiki tofauti hiyo ya milimita 2 ndiyo inayoamua mbuzi abaki au aondoke.

Kwa nini mbili? Dawa inayochomwa inaitwa tuberkulini, na ziko mbili: ya ng'ombe hutengenezwa kutokana na kijidudu cha TB ya ng'ombe, Mycobacterium bovis, na ile ya ndege kutokana na Mycobacterium avium. Mbuzi anaweza kuvimba kwenye ile ya ng'ombe bila kuwa na TB, kwa sababu tu amekutana na jamaa zake wengine wa ukoo huo: walio kwenye udongo na maji machafu, wanaotoka kwa kuku, au yule anayeleta ugonjwa wa Johne, ule wa kuhara na kukonda. Sindano ya ndege inakuonyesha hao jamaa wanachangia kiasi gani. Ukichoma ya ng'ombe peke yake utakamata wagonjwa wengi zaidi, lakini utachinja na wazima. Mjini hapa, ambako kuku wanalala juu ya paa la banda la mbuzi na kinyesi kinadondokea kwenye hori, mimi siwezi kushauri sindano moja kwa kundi la biashara. Kuku wako wanalala wapi?

Sasa utaratibu wenyewe, ili ujue kama unayemlipa anaujua.

Nywele zinyolewe kwa mkasi au mashine, eneo la kama sentimita 5 kwa 5, katikati ya shingo. Wembe usitumike, maana unakwaruza na mkwaruzo unavimba. Shingo ya mbuzi ni fupi, kwa hiyo wengi tunaweka ya ndege upande mmoja na ya ng'ombe upande wa pili, kwa kimo kilekile, kwa sababu ngozi ya juu karibu na uti ni nene kuliko ya chini. Upande uliochaguliwa uwe uleule kwa mbuzi wote na uandikwe kwenye fomu. Pasiwe na kidonda, kupe wala jipu. Kamba za shingoni zivuliwe siku zote tatu, maana kamba inayosugua mahali pa sindano inatengeneza mgonjwa wa uongo.

Kabla ya kuchoma, ngozi inakunjwa na unene wake unapimwa kwa kalipa (kifaa cha kubana na kusoma milimita), ya tundu la ndege na ya tundu la ng'ombe kila moja peke yake. Kalipa nzuri ni yenye springi, inabana kwa nguvu ileile kila mara. Venia ya mafundi chuma ya Kariakoo inaweza kufanya kazi, lakini mkono ukibana zaidi siku ya pili umeiba milimita nzima. Kwa hiyo anayepima siku ya kwanza ndiye apime siku ya mwisho.

Dozi ni mililita 0.1 kila upande. Kwa mbuzi 23 bomba dogo la mililita 1 lenye sindano fupi nyembamba linatosha, ila liwe bomba moja la ndege na jingine la ng'ombe, yawekwe alama za rangi na yasibadilishane hata kwa bahati mbaya. Sindano inaingia kwa kulala, mdomo wake ukiangalia nje, NDANI ya ngozi na siyo chini yake. Ikikaa sawasawa utapapasa kijivimbe kigumu kama punje ya choroko. Usipokisikia, dawa imepita chini au imemwagika, na tundu hilo halihesabiki. Irudiwe papo hapo, sentimita kadhaa pembeni, na iandikwe kwamba imerudiwa. Makosa mengi ninayoyajua ya kipimo hiki yapo hapa, kwenye hiyo punje ya choroko, kwa sababu mbuzi wa ishirini anachomwa na mtu aliyechoka na mshikaji aliyechoka zaidi.

Kusoma ni saa 72 baadaye, ukipishana sana saa 4 mbele au nyuma. Ukichoma Jumatatu saa 3 asubuhi, usome Alhamisi saa 3 asubuhi. Jumatano jioni ni mapema mno, na Ijumaa uvimbe umeshaanza kushuka.

Tuberkulini inakaa nyuzi 2 hadi 8, haigandishwi na haikai juani. Kwa joto letu chupa ibaki kwenye boksi la barafu hata wakati wa kuchoma, ikiwa imezungushiwa kitambaa isigusane na barafu. Iliyofunguliwa imalizike siku hiyohiyo. Soma lebo uone tarehe ya mwisho, na kwamba dozi ya ile ya ng'ombe ina angalau yuniti za kimataifa 2,000. Mtu akikwambia ana ile ya hospitali ya kupima watu, mshukuru na umwache aende: dozi yake ni yuniti 5, haisemi chochote kwa mbuzi.

Wapimwe wote kuanzia wiki 6 za umri. Kuchagua wanaokohoa ni kosa. Mbuzi wengi wanaokohoa Dar wana homa ya mapafu, minyoo ya mapafu au vumbi la pumba, na mwenye TB anaweza kumaliza mwaka anakula vizuri na kukamuliwa lita 2 bila kikohozi chochote. Wenye mimba sindano hii haiwadhuru. Shida yao ni nyingine: kuzunguka wakati wa kuzaa, kinga ya mwili inashuka na mgonjwa anaweza kusoma sifuri. Huyo aliyezaa juzi mpime na wenzake, lakini akisoma hasi usimhesabu msafi mpaka arudiwe. Hivyohivyo kwa mbuzi aliyechomwa deksamethasoni (dawa inayoshusha kinga) karibuni, aliyekonda sana, au aliyeambukizwa wiki chache tu zilizopita.

---

Mzawa_Pwani

Mnamtisha bure jamaa. Mbuzi hapati TB. Maziwa ya mbuzi ndiyo dawa ya kifua, wazee wetu waliyanywa mabichi yakiwa bado ya moto wa kiwele.

---

Maabara_Temeke

Mzawa, mbuzi anapata, na mapafu yake yakifunguliwa machinjioni yanaonekana kwa macho. Hilo la "dawa ya kifua" ndilo linalofanya maziwa ya mbuzi yanywewe mabichi kuliko ya ng'ombe, tena na watoto na wagonjwa. TB inayoingia kwa maziwa mara nyingi haianzii kwenye mapafu ya mtu. Inajitokeza kwenye tezi za shingo au tumboni, kwa hiyo familia haiunganishi uvimbe wa shingo ya mtoto na kikombe cha asubuhi. Na M. bovis kwa asili yake haisikii pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne za kuanzia matibabu ya binadamu. Mashine ya GeneXpert inayotumika hospitalini itasema kuna TB bila kusema kama ni ya ng'ombe au ya mtu. Ndiyo maana anayekunywa maziwa mabichi amwambie daktari mwenyewe bila kusubiri aulizwe.

FugaGoba, kuhusu damu jirani yako hajakosea kabisa, ila "damu" ni vipimo viwili tofauti kabisa.

Cha kwanza kinapima gama-interferoni, kemikali inayotolewa na chembe za kinga. Damu nzima inachanganywa na tuberkulini zilezile mbili, inalazwa usiku kucha kwenye nyuzi 37, kesho yake unapimwa mwitikio wa chembe hai. Kinafanya kazi kwa mbuzi na kinakamata mapema. Kinachokiua ni safari. Chembe lazima zifike zikiwa hai: chupa ya kifuniko cha kijani yenye heparini, igeuzwe taratibu mara kadhaa bila kutikiswa, ifike maabara ndani ya saa chache siku hiyohiyo, na ISIWEKWE kwenye barafu. Wengi wanakosea hapa kwa sababu wamezoea damu ya brusela, ambayo ni chupa ya kifuniko chekundu na boksi la baridi. Nayo isiachwe kwenye gari lililofungwa vioo katika foleni ya Ubungo. Kabla ya kumgusa mbuzi hata mmoja, piga simu maabara ya TVLA (wakala wa maabara za mifugo) Temeke uulize kama wana vifaa vya kipimo hicho siku hiyo na wanataka sampuli saa ngapi. Ukifika na chupa 23 bila miadi unaweza kurudi nazo.

Cha pili kinatafuta kingamwili. Kingamwili za TB huja mwishoni, ugonjwa ukiwa umeenea, hivyo kadi zile za dakika kumi zinazouzwa mtandaoni zikisema hasi hazijakwambia kitu. Zina faida moja: mbuzi aliyechakaa, ambaye ngozi yake haiitikii tena, anaweza kuonekana huku. Tena ukichukua damu kama wiki mbili baada ya sindano za tuberkulini, kingamwili za mgonjwa zinakuwa zimepanda na kipimo kinaona vizuri zaidi.

Kwa kundi lako sindano za ngozi zibaki kipimo kikuu. Damu iwe ya kuongezea kwa wale wenye utata.

---

Mama_Mtindi

Mwanangu, wakati unasubiri majibu maziwa usiyaache yaende mabichi kwa mtu yeyote, hata mteja wa zamani.

Kama unauza kwa chupa, njia ya sufuria ni nyuzi 63 kwa dakika 30 kamili, kwa kipimajoto cha kuzamisha na siyo kwa kukisia. Weka sufuria ya maziwa ndani ya sufuria ya maji, koroga, na dakika zihesabiwe kuanzia maziwa yenyewe yanapofika 63. Maji ya nje yatafika mapema, usidanganyike nayo. Povu la juu huwa limepoa kuliko maziwa yaliyo chini yake na vijidudu vinasalimika humo, kwa hiyo liondoe au funika sufuria. Ukiona usumbufu, chemsha mpaka yapande, basi. Ladha itabadilika kidogo na wateja watazoea.

Mtindi nao una mtego wake. Uchachu hauui hawa wadudu kwa uhakika. Maziwa mabichi yakigandishwa yanabaki mabichi. Chemsha kwanza, poza mpaka uvuguvugu, ndiyo uweke kimea.

Na lile jambo la kuchanganya maziwa ya majike wote kwenye ndoo moja ya kunyweshea vitoto, liache leo. Jike mmoja mgonjwa anawapa wote. Dang'a huwezi kuichemsha, inaganda kama yai, kwa hiyo kitoto kinywe cha mama yake au cha jike aliyesoma safi.

---

FugaGoba

Asanteni sana, Mama, Dokta, na kaka wa maabara. Kuku kweli wanalala juu ya banda, Dokta, nimecheka kwa aibu.

Zimechomwa Jumatatu, zimesomwa Alhamisi saa 3 na nusu, mtu yuleyule na kalipa ya springi. Kulia ndege, kushoto ng'ombe. Mbuzi 18 wameongezeka chini ya milimita 1 pande zote. Hawa watano ndio naomba mnisomee (milimita, kabla kisha baada):

Na. 04: ndege 3.1, 3.4. Ng'ombe 3.0, 3.3. Nimemweka kwa sababu ndiye anayekohoa kuliko wote.
Na. 07: ndege 3.2, 8.0. Ng'ombe 3.3, 7.5.
Na. 11: ndege 2.9, 3.6. Ng'ombe 3.0, 9.4. Pamekuwa laini kama unga uliokandwa, akiguswa anaruka.
Na. 15: ndege 3.0, 3.8. Ng'ombe 3.1, 6.3.
Na. 19: ndege 3.0, 3.0. Ng'ombe 3.0, 3.0. Huyu ndiye aliyezaa wiki tatu zilizopita, amekonda sana.

---

Dokta_Kibamba

Umeleta namba vizuri. Hesabu ni hii: ongezeko la ng'ombe toa ongezeko la ndege. Ikizidi milimita 4, chanya. Kati ya 1 na 4, na ng'ombe akiwa amevimba angalau 2, ni wa utata. Chini ya hapo, au ndege akiwa juu, hasi. Viwango hivi vilitengenezwa kwa ng'ombe na kwa mbuzi tunavitumia vivyo hivyo.

Na. 04: 0.3 toa 0.3, sifuri. Hasi. Tafuta kikohozi chake kwingine, anza na kinyesi kwa ajili ya minyoo ya mapafu, na uangalie pumba unayowapa kama inatimua vumbi.

Na. 07: ng'ombe 4.2, ndege 4.8, tofauti ni kasoro 0.6. Hasi kwa TB. Mwangalie vizuri huyu, maana kwa sindano moja tu ya ng'ombe angehukumiwa chanya na ungemchinja. Ndege kumshinda ng'ombe kunaelekeza kwa kuku wako au ugonjwa wa Johne. Kama anakonda huku anakula, kinyesi chake kipelekwe kupimwa Johne. Kama amenona, hamisha kuku kwanza.

Na. 11: ng'ombe 6.4, ndege 0.7, tofauti 5.7. Chanya. Ule ulaini na maumivu pekee vingetosha kumtia mashakani hata namba zingekuwa ndogo. Atengwe leo, mbali na pua za wenzake na hori lao, akamuliwe wa mwisho, na maziwa yake yasiuzwe wala kunywewa na mtu, kitoto, mbwa wala paka. Chemsha, kisha mwaga.

Na. 15: ng'ombe 3.2, ndege 0.8, tofauti 2.4. Wa utata. Peke yake ningesema atengwe, arudiwe baada ya siku 42 au zaidi, kwa sababu ngozi iliyochomwa tuberkulini huchoka na kabla ya wiki sita inaweza kudanganya. Lakini huyu analala na Na. 11. Kwenye kundi lenye mgonjwa aliyethibitika, wapimaji hukaza kipimo na kumhesabu mgonjwa yeyote anayezidi 2. Msubiri Na. 11 afunguliwe. Ikithibitika, Na. 15 anamfuata.

Na. 19: hii sifuri siiamini. Kuzaa karibuni na kukonda ndizo sababu mbili zinazozima ngozi. Tena 3.0 mara nne mfululizo kwa kalipa ya desimali ni nadra kwenye ngozi ya kiumbe hai, kwa hiyo muulize mpimaji, kwa adabu, kama alisoma au alijaza. Mtenge peke yake, asiwekwe na Na. 11. Huyu ndiye wa kupelekewa damu ya kingamwili baada ya wiki mbili.

---

Mkulima_Chanika

Si umpeleke tu Na. 11 mnadani Pugu? Hela inarudi, unanunua mwingine. Au mchome isoniazidi, ile dawa ya TB ya watu, miezi sita, kuna mtu anaipata kwa bei nzuri.

---

Dokta_Kibamba

Hapana kwa yote mawili, ndugu yangu.

Pugu unamhamishia mwenzako ugonjwa, kesho mwenzako anakuuzia wewe wake. Mnyama anayeshukiwa hatembei bila kibali, na afisa mifugo wa kata anatakiwa awe ameshaambiwa kabla hujamfungua kamba.

Kuhusu isoniazidi: dawa moja peke yake kwa miezi ni njia ya uhakika ya kutengeneza kijidudu sugu, na wakati huohuo inatoka kwenye maziwa. Mbuzi atanenepa, uvimbe wa mapafu utatulia bila kupona, na atakaposoma hasi utadhani umeshinda. Halafu dawa hizo zimetengwa kwa ajili ya watu. Kwa mifugo TB haitibiwi, mnyama anaondolewa. Bei ya mbuzi iwe kwenye hesabu kabla ya kuita mpimaji. Asiye tayari kumwondoa mmoja ananunua namba tu.

---

Maabara_Temeke

Na. 11 achinjwe mbele ya mkaguzi wa nyama aliyearifiwa mapema, mwisho wa siku baada ya wanyama wengine. Asipasuliwe nyumbani. Anayefungua mapafu avae glovu na barakoa ya N95, siyo kitambaa.

Mwambieni mkaguzi aangalie tezi za nyuma ya koo, za katikati ya mapafu, za pale bomba la hewa linapogawanyika, na za utumbo, kisha mapafu yenyewe yakatwe vipande vyembamba na kupapaswa. TB ni uvimbe wa rangi ya maziwa hadi njano, mkavu kama jibini, na kisu kinasaga kama kimegusa mchanga. Kinachochanganya watu ni majipu ya tezi ya mbuzi, yale ya Corynebacterium. Hayo usaha wake ni mzito wa kijani kibichi, ukikata unaona matabaka kama maganda ya kitunguu, na mara nyingi yanatokea nje, chini ya taya au mbele ya bega. Mbuzi mmoja anaweza kuwa na yote mawili, kwa hiyo jicho halitoshi.

Vipande viwili vya kila tezi: kimoja kwenye chombo safi kilichokaushwa, kwenye baridi, bila dawa yoyote, kwa ajili ya kuotesha. Cha pili kwenye formalini asilimia 10, ujazo wa formalini mara kumi ya nyama. Mkivibadilisha, kile cha kuotesha kimekufa na hakuna wa kukifufua. Kuotesha kunachukua wiki 6 hadi 8 au zaidi, na mwambie maabara unashuku M. bovis ili watumie chakula chenye piruveti, maana kwenye chakula cha kawaida chenye gliserini hukua kwa shida sana. Rangi ya Ziehl-Neelsen, ya kutazama vijidudu kwa hadubini, majibu yake yanatoka siku hiyohiyo, ila yakiwa hasi hayamsafishi mbuzi.

Wakati mnasubiri, kijana anayekamua na wote waliokunywa maziwa mabichi waende kituo cha afya. Kupimwa na kutibiwa TB kwenye vituo vya serikali ni bure. Hii ni ya pande mbili, mkamuaji anayekohoa anaweza kuwa ndiye chanzo.

---

FugaGoba

Nimeelewa. Banda je? Nimwage jiki tu? Na yule mteja nimwambie nini?

---

Dokta_Kibamba

Jiki ikimwagwa juu ya samadi inaishia kwenye samadi. Kwanza ondoa kinyesi na matandiko yote, yachomwe au yafukiwe, yasiende bustani ya mchicha. Sugua kwa sabuni, suuza, acha pakauke. Ndipo jiki: yenye asilimia 3.5 kwenye lebo, sehemu 1 kwa sehemu 2.5 za maji inakupa kama asilimia 1. Pakae pamelowa, na urudie pakianza kukauka. Dawa zile za kudekia zenye harufu ya maua nyingi ni za kundi lisiloua ukoo huu wa vijidudu, ganda lao lina nta. Sakafu ya mbao iliyooza haisafishiki, ing'oe. Halafu jua: funua paa upande mmoja kama unaweza, kijidudu hiki hukaa wiki nyingi kwenye kivuli chenye unyevu lakini jua kali halikiachi.

Kundi zima lirudiwe siku 60 baada ya wa mwisho kuondolewa, na tena siku 60 nyingine. Mbili mfululizo zikiwa safi, pima baada ya miezi 6, kisha kila mwaka. Mgeni yeyote, awe wa Arusha au wa Mgeta, akae peke yake na apimwe mara mbili kwa pengo hilohilo kabla hajanusa wenzake. Beberu wa kuazima ahesabiwe mgeni.

Mteja mwambie namba kamili: 23 wamepimwa, 1 chanya, 1 wa utata, 1 wa kurudiwa, maziwa yanayotoka yote yamechemshwa. Karatasi iwe na namba ya hereni ya kila mbuzi, unene wa kabla na baada wa pande zote mbili, toleo la tuberkulini na tarehe yake, siku na saa ya kuchoma na kusoma, na muhuri wa daktari aliyesajiliwa. Karatasi inayosema "mbuzi 23 wazima" bila milimita, asiipokee.

---

FugaGoba

Mpimaji amekiri Na. 19 alijaza, alikuwa anakimbiza muda. Anarudi bila malipo baada ya siku 42. Kuku wamejengewa kwao jana.

---

Dokta_Kibamba

Afadhali amesema. Tundu jipya lisiwe palepale pa zamani. Na akipanga siku asichome Alhamisi, kusoma kutaangukia Jumapili na safari hii tena atakuwa anakimbiza muda.